Kati ya "Haijathibitishwa" na "Imethibitika Haitibu": Uhakiki wa Ushahidi wa Kisayansi Kuhusu Virutubisho vya Mitishamba katika Tiba ya Ukurutu

Ikisiri

Makala haya yanahakiki ushahidi wa kisayansi kuhusu virutubisho vya mitishamba katika tiba ya ukurutu wa atopia. Yanajikita katika mifano miwili iliyochunguzwa sana: mafuta ya mbegu za Oenothera biennis na mchemsho wa mitishamba ya Kichina uliojaribiwa London mwanzoni mwa miaka ya 1990. Inadaiwa humu kwamba kauli "haijathibitishwa kisayansi", inayotumiwa sana katika maandishi ya Kiswahili kuhusu tiba asili, hufunika hali tatu zisizofanana: dawa iliyopimwa ikashindwa, dawa iliyopimwa ikaonyesha nguvu pamoja na madhara, na dawa ambayo bado haijapimwa ipasavyo. Aidha, makala yanaonyesha kwamba kipimo cha wekundu wa ngozi, ambacho majaribio kadhaa yalikitegemea, hakiwezi kuhamishiwa Afrika Mashariki bila kuhojiwa.

Utangulizi

Ukurutu wa atopia, ambao wagonjwa wengi nchini Tanzania huuita pumu ya ngozi, ni ugonjwa wa kupanda na kushuka. Mwasho huzidi usiku, ngozi hukauka, hupasuka na pengine kutoa majimaji, kisha baada ya wiki kadhaa hutulia, wakati mwingine pasipo dawa yoyote. Wengi wa wanaougua huanza wakiwa watoto wadogo, na sehemu kubwa yao hupata nafuu kadiri wanavyokua. Tabia hii ya ugonjwa ndiyo chanzo cha ugumu unaojadiliwa hapa. Mzazi huanza kutafuta dawa mpya pale hali ya mtoto inapokuwa mbaya kuliko kawaida. Na kwa kuwa kilele cha ubaya hufuatwa na kushuka, dawa yoyote iliyotolewa kileleni itaonekana kuwa imefanya kazi. Mganga hadanganyi anaposema ameona wagonjwa wakipona. Mzazi naye hadanganyi. Kinachokosekana ni mtoto wa pili, aliye sawa na wa kwanza, ambaye hakupewa dawa ile.

Jaribio la kitabibu lenye mgawanyo wa nasibu lipo kwa ajili ya kumleta huyo mtoto wa pili. Wagonjwa hugawanywa kwa bahati nasibu katika makundi mawili. Kundi moja hupewa dawa, jingine hupewa plasebo, yaani kitu kinachofanana na dawa kwa sura na ladha lakini kisicho na nguvu yake. Wala mgonjwa wala mpimaji hajui nani amepewa nini hadi mwisho. Maelezo haya ni ya msingi mno kwa mtafiti wa tiba, lakini yanastahili kurudiwa, kwa sababu tofauti kati ya kundi la dawa na kundi la plasebo ndiyo inayohesabika kuwa ushahidi. Tofauti kati ya mgonjwa wa leo na mgonjwa yuleyule wa mwezi uliopita haihesabiki.

Jina "pumu ya ngozi" nalo linahitaji kutazamwa. Si jina baya: pumu, mafua ya mzio na ukurutu wa atopia huandamana katika familia moja, na jina hilo limeuona uhusiano huo. Hata hivyo, jina hilo hubeba nadharia ndani yake. Ugonjwa unaofananishwa na pumu unaeleweka kuwa wa ndani, unaojitokeza tu juu ya ngozi, na ugonjwa wa ndani hutibiwa kwa kumeza. Hapo ndipo kirutubisho, kidonge au mchemsho, kinapopata mvuto wake kuliko mafuta ya kupaka. Nadharia hiyohiyo, kwa lugha ya kikemia, ndiyo iliyozaa utafiti mkubwa zaidi wa mmea mmoja katika historia ya ugonjwa huu.

Mafuta ya Oenothera: nadharia nzuri na vipimo vyake

Oenothera biennis ni mmea wa asili ya Amerika Kaskazini wenye maua ya manjano yanayochanua jioni. Mbegu zake zina mafuta yenye asidi ya gama-linoleniki, kwa kiasi cha takriban asilimia 8 hadi 10. Katika mwili wenye afya, asidi hii hutengenezwa kutokana na asidi ya linoleiki ya chakula cha kawaida kwa msaada wa kimeng'enya kiitwacho delta-6-desaturazi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ilipendekezwa kwamba kimeng'enya hicho ni dhaifu kwa wagonjwa wa ukurutu wa atopia. Vipimo vya damu vilionyesha asidi ya linoleiki ikiwa nyingi na mazao yake yakiwa pungufu. Kama mlango umefungwa, hoja ilisema, mgonjwa na apewe kile kilichoko upande wa pili wa mlango. Ni nadharia yenye mantiki, inayopimika, na iliyostahili kupimwa.

Mtetezi wake mkuu alikuwa David Horrobin, ambaye kabla ya hapo, mwanzoni mwa miaka ya 1970, alikuwa profesa wa fiziolojia ya tiba katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Baadaye alianzisha kampuni iliyozalisha mafuta hayo. Jambo hili halitajwi hapa kwa ajili ya kumvunjia heshima. Mtu anayeamini nadharia yake ana haki ya kuiwekea mtaji. Linatajwa kwa sababu msomaji wa majaribio hawezi kuyasoma vizuri bila kulijua.

Mwaka 1982 Wright na Burton walichapisha katika jarida la The Lancet jaribio lililohusisha wagonjwa 99, wakaripoti kuwa mafuta hayo yalipunguza ukurutu. Mwaka 1985 Bamford na wenzake walichapisha jaribio la wagonjwa 123, hawakuona tofauti. Mwaka 1989 ulitokea uchanganuzi unganishi wa majaribio tisa ukiongozwa na Morse, na Horrobin akiwa miongoni mwa waandishi, uliohitimisha kwamba dawa inafanya kazi, hasa kwa mwasho. Mwaka 1993 Berth-Jones na Graham-Brown wa Leicester, nao kwa sadfa wakiwa na wagonjwa 123, waliripoti tena kuwa hakuna tofauti, hata pale mafuta ya samaki yalipoongezwa. Dawa ilipata leseni nchini Uingereza na iliandikwa na madaktari kwa watoto wa ukurutu.

Mhakiki mwenye haraka angehesabu kura: wangapi wameunga mkono, wangapi wamepinga. Kuhesabu huko ni kosa. Kilicho muhimu ni nani alipima nini na nini hakikuonekana hadharani. Mapitio mengine ya majaribio 20, yaliyoagizwa na Wizara ya Afya ya Uingereza mwaka 1995, hayakuchapishwa. Ushahidi usiochapishwa si ushahidi hafifu tu. Ni shimo linalobadilisha uzito wa kila kilichochapishwa kando yake, kwa kuwa msomaji hajui mizani inaelemea upande gani.

Mamlaka ya udhibiti wa dawa ya Uingereza iliondoa leseni mwezi Oktoba 2002. Sababu haikuwa madhara. Sababu ilikuwa kwamba ushahidi wa ufanisi haukutosha kwa kiwango kinachodaiwa na dawa ya leo. Mwaka uliofuata jarida la BMJ lilichapisha jaribio la Takwale na wenzake lililotumia mafuta ya mmea mwingine, Borago officinalis, ambayo yana asidi ya gama-linoleniki mara mbili au zaidi ya yale ya Oenothera. Jaribio hili lina thamani ya pekee kwa sababu linajibu pingamizi lililorudiwa miaka mingi, kwamba dozi za majaribio yaliyoshindwa zilikuwa ndogo: watu wazima walipewa miligramu 920 za asidi hiyo kwa siku kwa wiki 12. Wagonjwa 140 walichanganuliwa. Alama za ukali wa ugonjwa zilishuka kutoka 30 hadi 27 katika kundi la mafuta, na kutoka 28 hadi 23 katika kundi la plasebo. Mgonjwa wa kundi la kwanza angeweza kusema kwa moyo mweupe kwamba amepata nafuu. Wa kundi la pili angesema hivyo kwa sauti kubwa zaidi. Katika toleo hilohilo Hywel Williams aliandika tahariri ambayo kichwa chake kililitania ua la jioni kwa kulitakia usiku mwema.

Hata hivyo mjadala haukulala. Mwaka 2006 Morse na Clough walichapisha uchanganuzi mpya wa majaribio 26 yenye wagonjwa 1,207 wa mafuta ya chapa moja, wakasisitiza kuwa yanafaa. Mwaka 2013 mapitio ya Cochrane, yakiongozwa na Bamford yuleyule wa mwaka 1985, yalikusanya tafiti 27 zenye washiriki 1,596, 19 za Oenothera na 8 za Borago, yakahitimisha kwamba nafuu iliyoonekana haizidi ile ya plasebo. Katika mizani ya alama 0 hadi 100, tofauti iliyotokana na tathmini ya wagonjwa wenyewe ilikuwa takriban alama 2, na masafa yake ya uhakika yalivuka sifuri. Ni haki kumuuliza Bamford swali lilelile lililoulizwa kuhusu Horrobin: je, aliyewahi kupima na kutoona kitu hana msimamo wake wa kuulinda? Analo. Tofauti ni kwamba mapitio ya Cochrane huandikiwa mpango wake hadharani kabla ya data kukusanywa, na kila jaribio hupewa alama ya ubora ambayo msomaji anaweza kuibishia. Msimamo upo pande zote mbili. Njia ya kuudhibiti ilikuwa wazi zaidi upande mmoja.

Nadharia yenyewe nayo ilipoteza kitovu chake. Mwaka 2006 ilibainika kwamba mabadiliko katika jeni la filagrini, protini inayojenga tabaka la juu la ngozi, huongeza kwa kiasi kikubwa uwezekano wa kupata ukurutu. Swali likarudi kwenye ngozi yenyewe kama ukuta unaovuja. Hili halikanushi upungufu wa asidi katika damu, ila linauondoa kwenye nafasi ya chanzo pekee. Mafuta ya Oenothera yangali yakiuzwa kama kirutubisho, pasipo leseni ya dawa na pasipo wajibu wa kuthibitisha lolote kati ya hayo.

Mchemsho wa London

Mfano wa pili unasimulia kinyume chake. Mwishoni mwa miaka ya 1980 madaktari wa watoto wa hospitali ya Great Ormond Street waliona wagonjwa wao wenye ukurutu sugu wakirudi na ngozi iliyotulia. Wazazi walikuwa wamewapeleka kwa tabibu wa Kichina katikati ya London. Badala ya kudharau, madaktari wale walimwomba tabibu ashirikiane nao, na wakatengeneza mchanganyiko mmoja wa mimea kumi, ikiwemo Paeonia, Rehmannia, Clematis na susi ya Kichina. Hapa wanafunzi wa tiba asili wana jambo la kujifunza, kwa maana utafiti ulianza kwa kuheshimu kilichoonekana kisha ukaendelea kwa kutokiamini mpaka kipimwe.

Mwaka 1992 Sheehan na Atherton walichapisha matokeo ya watoto. Kati ya 47 walioanza, 37 walimaliza. Wekundu ulipungua kwa kiwango cha kati cha asilimia 51.0 katika kipindi cha dawa, dhidi ya asilimia 6.1 katika kipindi cha plasebo. Jaribio la watu wazima la mwaka huohuo lilionyesha mwelekeo uleule. Tofauti ya namna hii haionekani mara nyingi katika ukurutu, na kuiita bahati kungekuwa ukaidi.

Maswali yanaanzia kwa wale kumi waliotoka. Mchemsho ulikuwa mchungu kiasi kwamba watoto waliukataa, na ingawa plasebo nayo ilitengenezwa kwa mimea michungu, mtoto asiyeona nafuu ndiye anayeacha mapema zaidi. Idadi ya waliobaki basi hupendelea dawa. Katika ufuatiliaji wa mwaka mmoja, watoto wawili walionyesha kupanda kwa vimeng'enya vya ini, ambavyo vilishuka dawa ilipoachwa. Katika miaka hiyohiyo Uingereza iliripoti wagonjwa wa ini miongoni mwa waliotumia mitishamba ya Kichina kwa ajili ya ngozi. Mwaka 1999 jarida la The Lancet liliripoti wagonjwa wawili wa ukurutu waliopoteza figo zao baada ya kunywa mitishamba yenye asidi ya aristolokiki. Tatizo lilikuwa la majina: jina moja la Kichina hutumika kwa mimea ya jenasi tofauti, na mmoja wa mimea hiyo, Aristolochia, ni sumu ya figo. Mtafiti wa Kiswahili anayeandika "mti fulani hutibu ukurutu" bila jina la kibotania, bila sampuli iliyohifadhiwa na bila kutaja sehemu ya mmea iliyotumika, anaurudia mkasa huo katika karatasi kabla haujatokea katika mwili wa mtu.

Mwaka 1999 huohuo Fung na wenzake wa Hong Kong walijaribu mchanganyiko wa London kwa wagonjwa 40 na hawakuona faida ya jumla. Cochrane, mwaka 2004, ilipata majaribio manne tu ya mchanganyiko huo, yenye washiriki 159. Kufikia hapo dawa ilikuwa haitengenezwi tena. Mapitio mapana ya mwaka 2013 kuhusu mitishamba ya Kichina kwa ujumla yalikusanya tafiti 28 zenye washiriki 2,306 na bado hayakuweza kutoa hukumu, kwa sababu nyingi kati yake zilifanywa vibaya.

Jaribio moja la Hong Kong linastahili kutazamwa kivyake. Hon na wenzake, mwaka 2007, waliwapa watoto 85 vidonge vya mimea mitano au plasebo kwa wiki 12. Ukali wa ugonjwa ulishuka katika makundi yote mawili bila tofauti ya maana. Lakini watoto wa kundi la mimea walipunguza matumizi ya krimu za steroidi kwa takriban theluthi moja, na ubora wa maisha yao ukawa bora zaidi. Je, dawa ilishindwa? Aliyeangalia ngozi atasema ndiyo. Mama ambaye kila usiku anapaka steroidi kwa woga atasema hapana. Jaribio lililotangaza mapema kipimo chake kikuu linaweza kujibu. Lililosubiri matokeo ndipo lichague kipimo cha kukisifia haliwezi. Msomaji wa tasnifu anapaswa kuanzia hapo kila mara: kipimo kikuu kilichaguliwa lini?

Krimu zinazofanya kazi kupita kiasi

Kuna aina ya ushahidi ambayo haiulizi iwapo dawa inatibu, inauliza ndani ya kopo kuna nini. Mwaka 1999 Keane na wenzake walipima krimu 11 za mitishamba ya Kichina zilizotolewa kwa wagonjwa wa ngozi nchini Uingereza. 8 zilikuwa na deksamethasoni. Mwaka 2003 watafiti wa Birmingham walipima krimu 24 zilizoletwa na wagonjwa 19 wa ukurutu, wakakuta 20 zina steroidi, nyingi zikiwa kali, ikiwemo klobetasoli ambayo ni miongoni mwa zenye nguvu kuliko zote. Baadhi ya makopo hayo yalibeba jina Muijiza. Mzungumzaji wa Kiswahili hahitaji kamusi kulielewa.

Matokeo haya yanageuza swali zima. Mzazi aliyekimbia steroidi ya hospitali kwa hofu ya kuchubuka kwa ngozi ya mtoto wake aliishia kumpaka steroidi kali zaidi, usoni, bila kipimo, bila kikomo cha siku, akiamini kuwa ni majani. Ushuhuda wake kuhusu uponyaji ulikuwa wa kweli kabisa. Kilichokuwa cha uongo ni kibandiko. Katika miji ya Afrika Mashariki, ambako klobetasoli hupatikana kwa urahisi katika mkorogo wa kung'arisha ngozi, utafiti wowote wa krimu ya kienyeji ambao hauanzi na kipimo cha maabara cha steroidi hauna msingi, hata kama takwimu zake ni safi.

Wekundu juu ya ngozi nyeusi

Jaribio la watoto la London lilipima wekundu na uharibifu wa uso wa ngozi. Mizani mingi ya ukali wa ukurutu hufanya vivyo hivyo: wekundu hupewa alama, alama hujumlishwa. Mwaka 2002 Ben-Gashir na Hay walionyesha, kwa watoto wa London, kwamba kutegemea wekundu huficha ukurutu mkali kwa watoto weusi. Alama zilipowekwa sawa kwa kuzingatia wekundu, watoto weusi walikuwa na uwezekano mkubwa mara kadhaa wa kuwa na ugonjwa mkali. Kwenye ngozi nyeusi uvimbe huonekana kama kahawia iliyokolea, zambarau au kijivu, na mara nyingi hujitokeza kwa vipele vidogo kuzunguka vinyweleo au kwa ngozi iliyonenepa kutokana na kukunwa.

Athari yake kwa mada hii ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Kama kipimo hakioni ugonjwa mwanzoni, hakitaona nafuu mwishoni. Dawa nzuri itaonekana dhaifu. Na kama daktari ataona rangi imefifia akadhani ni uponyaji, ilhali ni klobetasoli iliyong'arisha ngozi, dawa mbaya itaonekana nzuri. Tasnifu zinazotafsiri mizani ya Ulaya kwa Kiswahili bila kuirekebisha hurithi kasoro hii nzima, pamoja na neno "wekundu" lenyewe, ambalo mgonjwa wa Moshi au Mtwara hatalitumia kueleza ngozi yake. Mizani ya POEM, iliyotungwa Nottingham, humuuliza mgonjwa ni siku ngapi kati ya saba amewashwa, amekosa usingizi au ngozi yake imepasuka; haiulizi rangi. Kwa mtafiti wa Afrika Mashariki ndiyo yenye mahali pa kuanzia.

Habasoda na nazi

Katika pwani ya Waswahili dawa inayotajwa kwanza mara nyingi si Oenothera wala mchanganyiko wa London. Ni habasoda, Nigella sativa, yenye heshima ya kidini na ya jikoni kwa pamoja. Ushahidi wake upo, lakini ni mdogo. Kalus na wenzake, mwaka 2003, walikusanya tafiti nne zenye wagonjwa 152 wa mzio mbalimbali, ukurutu ukiwemo, waliomeza mafuta yake. Wagonjwa walisema dalili zimepungua, kwa tathmini yao wenyewe. Mwaka 2013 jaribio la Iran la wagonjwa 60 wa ukurutu wa mikono lililinganisha mafuta ya habasoda ya kupaka na betamethasoni, na halikuona tofauti kati yake. Matokeo ya namna hii husomwa vibaya mara nyingi. Kutoona tofauti katika makundi ya watu ishirini ishirini si uthibitisho wa usawa, kwani jaribio dogo hushindwa kuona hata tofauti iliyopo. Vilevile ukurutu wa mikono wa mtu mzima, unaotokana mara nyingi na sabuni na kazi, si pumu ya ngozi ya mtoto wa miaka miwili.

Mafuta ya nazi yana hali bora kidogo, ingawa ni ya kupaka na yamo humu kwa ujirani tu. Nchini Ufilipino, mwaka 2014, Evangelista na wenzake waliwagawanya watoto 117 wenye ukurutu mdogo hadi wa wastani kati ya mafuta bikira ya nazi na mafuta ya madini kwa wiki nane. Alama za ugonjwa zilishuka kwa asilimia 68.23 kwa nazi na asilimia 38.13 kwa mafuta ya madini. Ni jaribio moja, la nchi moja, ambalo halijazidi uwezo wa idara ya ngozi yenye wagonjwa wa kutosha. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoko Moshi kinao wagonjwa hao, na Mafia na Pemba zinazo nazi.

Hapa ndipo kauli "haijathibitishwa kisayansi" inapoanza kudhuru. Ikisemwa kuhusu Oenothera, inapunguza ukweli: mafuta hayo yamepimwa kwa zaidi ya miaka thelathini na hayakuipita plasebo, na mgonjwa ana haki ya kuambiwa hivyo kabla hajalipa. Ikisemwa kuhusu mchemsho wa London, inaficha nguvu na sumu kwa wakati mmoja. Ikisemwa kuhusu habasoda, ni sahihi, lakini husikika kama kejeli, na mwenye imani na mbegu hiyo hufunga masikio. Usajili hautoi msaada mkubwa katika kutofautisha hali hizi. Mwongozo wa Umoja wa Ulaya wa mwaka 2004 kuhusu mitishamba ya jadi hukubali miaka 30 ya matumizi, 15 kati yake ndani ya Umoja huo, badala ya majaribio ya ufanisi. Tanzania ilipitisha Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala mwaka 2002 na kuunda baraza la kusimamia waganga na dawa zao. Msajili anaweza kumtambua mganga na kuikagua dawa. Kuulinganisha mtoto aliyeinywa na yule asiyeinywa ni kazi nyingine, na hakuna muhuri unaoifanya.

Mtafiti atakayeichukua kazi hiyo kwa habasoda atakutana kwanza na tatizo la Great Ormond Street. Harufu ya mafuta yale inajulikana na kila mama wa Lamu, Unguja au Tanga, na plasebo isiyonukia itatambuliwa siku ya kwanza. Itabidi dawa ifungwe ndani ya kapsuli zinazoyeyukia tumboni, na hata hapo itabidi mwishoni mwa jaribio washiriki waulizwe wanadhani walipewa nini, na majibu yao yachapishwe kando ya matokeo ya ngozi.